Baiskeli ya Kidole Kimoja

Kasenga, Uvira, tarehe 3 Machi 2002

Kwa Sévère, mudogo wangu,

Salamu utazipata mwisho wa barua, kama hasira itakuwa imepungua. Émérance amefika jana kutoka Bujumbura na mafurushi yake ya vitenge. Ndani ya furushi moja, imefungwa sawa mutoto muchanga, ilikuwa ile kadre ya kinga, ya baiskeli, umetuma. Kadre peke yake, mifupa ya baiskeli, bila gurudumu, bila usukani, bila kiti. Émérance aliiinua na kidole kimoja mbele ya majirani, wakacheka mpaka mama mumoja akaangusha bidoni yake ya maji. Wananiuliza: ndugu yako wa Ulaya ametuma kinga ya plastiki?

Weye ulisema karboni. Minye karboni siijui. Najua tu kwamba kinga ambayo Dieudonné anabebea mupunga kutoka Sange iko ya chuma, inabeba gunia mbili, na hata siku moja haijatuangusha.

Sasa sikiliza, juu hii ndiyo sababu naandika. Wale watu wa mulimani, wenye kusema wanatulinda, wameanza kushuka nyumba kwa nyumba. Wanataka vijana wa kubeba bunduki. Dieudonné, kitinda mimba wetu, iko na miaka kumi na tisa, na miguu yake bonde yote ya Ruzizi inaijua. Yule Ndayiragije, mwalimu wa timu ya baiskeli kule Bujumbura, alisema atamupokea. Mupaka ya Burundi iko pale Kavimvira, si mwisho wa dunia. Ninamuambia mutoto: enda. Ananijibu: "Yaya Sévère amesema ningoje kinga iishe kutengenezwa."

Basi muandikie neno moja, umuambie aende. Minye ndiye nilimulea tangu mama alikufa. Lakini tangu baba naye alitutoka, neno la nyumba iko kwa mwanaume mukubwa, hata kama weye umezaliwa nyuma yangu, hata kama unakaa mbali vile. Ndiyo desturi. Sikuitunga minye.

Salamu basi.

Yaya yako,
Domitille


Liège, 29 Machi 2002

Kwako Yaya Domitille, dada yangu mkubwa,

Si plastiki. Ni nyuzi za karboni zilizogandishwa kwa gundi, na kadre nzima ni nyepesi kuliko jogoo wako. Duka ninalofanyia kazi ni la mzee mmoja hapa, na kazi yangu ni kuosha baiskeli za watu. Kadre hiyo ilianguka kwenye mashindano, mwenyewe akaitupa. Mimi nimeiokota, nikaipiga msasa, nikaiziba ufa, Jumapili baada ya Jumapili, wakati wenzangu wanakunywa bia. Kwa hiyo tafadhali waambie majirani wacheke taratibu.

Kuhusu kuondoka, Yaya, wewe unaona mpaka tu. Mimi naona ng'ambo ya mpaka. Ndayiragije alisema wazi kwamba anampokea kijana mwenye baiskeli yake mwenyewe, kwa sababu hana za kugawa. Dieudonné akivuka mikono mitupu, atakuwa mkimbizi kama wengine, atapewa hema na kijiko. Mimi nimelala kwenye hema kabla ya kufika huku. Mtu akishaingia humo, anasahauliwa. Akivuka na baiskeli kama hii, wataona mwanamichezo.

Haraka haraka haina baraka. Natuma uma wa mbele, usukani na bomba la kushikilia kiti, vyote vya karboni. Dieudonné avifunge mwenyewe, kwa ufunguo mdogo niliouweka ndani ya soksi. Asitumie nyundo wala koleo. Na hasa, hasa, André mchomeaji vyuma asisogee karibu.

Ndugu yako,
Sévère


Kasenga, tarehe 21 Aprili 2002

Sévère,

André alisogea.

Usinilaumu minye, nilikuwa sokoni. Ile bomba ya kiti ilikuwa juu ya meza, André akapita kuazima chumvi, akaona. Weye unamujua: kitu kikiingia mukononi mwake lazima akijaribu na moto. Alisema anataka kuona kama ni chuma cha kweli. Aligusisha moto kidogo tu, kwa ncha, ikatoa moshi mweusi na harufu sawa mufuko unaungua. Alikuja kunitafuta sokoni kuniambia ndugu yangu wa Ulaya ametapeliwa. Alikuwa na huruma ya kweli, hata machozi yalimulenga. Dieudonné aliinama tu. Alichukua ile kipande, akaenda kukaa kwa ziwa mpaka nikamufuata na chakula.

Hayo ni madogo. Komanda wa watu wa mulimani ametuma ujumbe kwa wakubwa wa kartié yetu ya Kasenga. Kila nyumba itoe muntu, ao itoe kitu chenye bei ya muntu. Nyumba ya jirani, hawakuwa na kitu. Wakachukua Bonaventure. Unamukumbuka, yule alikuwa anaimba kwa misa. Mama yake sasa anakaa mulangoni kutwa, ukimusalimia anaitika jina la mutoto.

Nimekuomba neno moja, umenitumia soksi. Muambie aende.

Domitille


Liège, 17 Mei 2002

Yaya,

Niliposoma habari ya André nilitoka nje ya duka nikatembea mpaka mtoni. Bomba lile nilililipia kwa kuosha baiskeli majira yote ya baridi, na vidole vyangu bado havijapona. Natuma jingine. Naomba ulifiche chini ya godoro lako na ulilalie.

Nimehuzunika sana kwa Bonaventure. Lakini Yaya, tangu utotoni kwako kila wingu ni mvua ya mawe. Wape mbuzi. Wape wawili. Wanaume wa namna hiyo wakishiba wanapita. Sisi tumebakiza kidogo sana. Nimepata magurudumu, Yaya, magurudumu ambayo ukiyazungusha asubuhi yanakuwa bado yanazunguka unapomaliza kunywa chai. Nimebadilisha pia skurubu za chuma nikaweka za alumini, ili kila kitu kiwe chepesi. Mchukuzi anaondoka kesho na vyote, pamoja na kiti, pedali, mnyororo na breki, Émérance atamngoja Bujumbura.

Mwambie Dieudonné asitoke mpaka magurudumu yafike. Akifika pale kwa Ndayiragije, nataka yule mwalimu abaki mdomo wazi.

Sévère


Kasenga, tarehe 16 Juni 2002

Sévère,

Hii barua uisome ukiwa umekaa.

Magurudumu yalifika. Dieudonné alifunga kila kitu na ule ufunguo wako mudogo, ulimi nje, na bomba ya kiti nilikuwa nimeilalia kweli, mugongo unaniuma mpaka leo. Asubui alitoka nayo njia ya Sange. Minye nilikuwa ndani ya minibus, naenda kuchukua mupunga. Akatupita. Mudogo wangu, akatupita sawa tumesimama. Dereva akakanyaga mafuta kwa hasira, tukamuona tena kwa kona moja, halafu basi. Watu ndani ya gari wakauliza ule ni mutoto wa nani. Nikasema ni wangu. Sitakuficha, nililia. Hiyo siku sikukukasirikia hata kidogo.

Jioni yake komanda akashuka. Alikuwa amesikia iko kinga ya Ulaya katika nyumba yetu. Nikafikiri: huu ni mulango, Mungu ameufungua. Kitu chenye bei ya muntu, si hiki? Nikaileta minye mwenyewe. Dieudonné alinitazama, sitaki kukuandikia vile alinitazama.

Komanda akaikamata katikati, akaiinua. Ikapanda juu na mukono wake bila yeye kutaka, karibu imupige usoni. Askari wake wakacheka. Akaiweka chini polepole. Akasema: "Mama, minye nimeuliza bei ya muntu, unanipa kinga ya mutoto. Hii hata kuku haiwezi kubeba." Akasema atarudi siku ya Mungu baada ya misa, na atachukua mwenye miguu.

Unaona? Yule muntu amebeba vitu maisha yake yote. Kwake, na kwa kila muntu hapa, kinga ya kweli unaipima kwa kuiinua. Weye umekaa huko ukitoa uzito, unatoa, unatoa, na kila ulichotoa kimetoa bei yake hapa.

Basi nikamuita André. Ndiyo, André. Tulitoa kiti, tukajaza muchanga wa ziwa ndani ya mabomba yote, muchanga wenye maji, tunagonga na kijiti ili ushuke, mpaka ikajaa. Tukaziba na matambara na nta ya mishumaa. André akafunga kariyeri ya chuma nyuma, ile ya kubebea gunia, na mabati ya kuzuia tope, na kengele mbili, na taa, na stendi ya muguu mumoja. Tukatoa magurudumu yako, tukaweka manene ya André. Kwa kumaliza, jasho lilitutoka kuisimamisha.

Siku ya Mungu komanda akaiinua na mikono miwili. Akasema: "Eh. Sasa hii ni kinga." Akaipanda, akaenda. Akaacha alama ya mukaa juu ya mulango, maana nyumba hii imelipa.

Sasa mutoto iko huru na njia iko wazi. Nimemuambia: kesho. Anakataa. Anasema kinga imeenda, anangoja neno lako.

Toa neno.

Domitille


Liège, 8 Julai 2002

Yaya,

Mchanga. Wenye maji. Ndani ya karboni.

Nimesoma barua yako mara nyingi, nikitumaini kwamba nimekosea kusoma. Na ulitumia kijiti kuushindilia. Yaya, hata kama ungeipa jina la adui yangu ukaniomba niiharibu, nisingefikiria njia hiyo. Kariyeri ya chuma ikifungwa pale inauma nyuzi, gunia la kwanza tu litaivunja. Yule mzee wa duka, nilipomsimulia, alikaa chini.

Najua ulikuwa unamwokoa. Najua. Nakushukuru, na bado siwezi kukusamehe wiki hii, naomba univumilie.

Lakini si mwisho. Magurudumu unayo, na hilo ni jambo kubwa. Nimeona kadre nyingine, mwenyewe anataka kuiuza mwezi wa tisa. Nyumba imelipa, alama iko mlangoni, hakuna tena haraka. Mwambie Dieudonné akae, afanye mazoezi kwa ile ya mpunga. Mwezi wa kumi atakuwa na baiskeli nzuri kuliko ya kwanza. Nimeshaanza kufikiria mahali nitakapopunguzia uzito.

Sévère


Kasenga, tarehe 30 Julai 2002

Sévère,

Nimemusomea mutoto barua yako juu aliniomba. Nilipofika pa "akae", nilitamani kuruka musitari. Sikuruka. Kwa hiyo anakaa. Anafurahi hata, anachora kinga mupya na mukaa kwa ukuta.

Kinga yako imevunjika. Komanda alikuwa anashuka nayo njia ya Lemera, amepakia masanduku ya risasi nyuma. Kwa kona ya mawe ikakatika katikati, sawa muwa. Akavunjika mufupa wa bega. Na muchanga wote ukamwagika pale njiani, mbele ya askari wake, kilo na kilo za muchanga wa ziwa Tanganyika. Wakacheka tena. Hicho ndicho hatatusamehe. Bega litapona.

Émérance amesikia sokoni vile wanasema: komanda anangoja tu mukono wake uweze kukamata bunduki, halafu yeye mwenyewe atashuka Kasenga. Alama ya mulangoni wameshakuja kuifuta. Wameifuta na mate.

Weye unapenda kuniambia haraka haraka haina baraka. Hata minye nilisoma shule: ngoja ngoja huumiza matumbo. Tangu Machi nakuomba, na kila mara unanijibu juu ya kitu chepesi zaidi. Kama unaona kinga iko kubwa kuliko mutoto, niambie wazi nijue. Kama si hivyo, andika kwake, si kwangu. Minye neno langu amelikataa mara nyingi mpaka nimechoka kulisikia mwenyewe.

Domitille


Liège, 14 Agosti 2002

Dieudonné, mdogo wangu,

Ondoka siku utakaposoma barua hii. Usingoje baiskeli yoyote. Vuka na ile ya mpunga, na ikikushinda vuka kwa miguu. Hema si aibu. Nilisema uongo kwamba anayelala hemani anasahauliwa, kwa sababu mimi mwenyewe bado naona aibu.

Mtii Yaya Domitille kama unavyonitii mimi. Ungefanya hivyo tangu mwanzo, tusingefika hapa, lakini hilo ni kosa langu, si lako.

Nenda.

Kaka yako,
Sévère


Kasenga, tarehe 5 Septemba 2002

Sévère,

Ameenda.

Émérance alileta barua yako saa ya chakula. Akaisoma amesimama, akaweka mukate chini, akaenda kufunga gunia moja ya mupunga juu ya kinga ya kazi, ili pale mupakani waone ni muchuuzi. Hakubishana. Hakuuliza. Miezi yote hii nimemuomba, nimemufokea, nimepiga magoti mbele yake, minye nilimubeba mugongoni, nilimutafunia viazi. Haikutosha. Musitari tatu za muntu hajamuona tangu anaota meno ya kikubwa, zimetosha. Nashukuru Mungu, na nimekasirika sana, na vyote viwili ni kweli.

Nilimusindikiza mpaka Kavimvira. Alitaka kuaga, nikamusukuma.

Habari ya kule imerudi na Émérance. Amefika, iko salama. Alienda kwa Ndayiragije kujieleza vile kinga yake ya mashindano imepotea. Yule mwalimu hakumuelewa. Alimuuliza alikuwa wapi tangu Machi. Akashika ile kinga ya mupunga, akazungusha pedali, akaangalia mnyororo, akasema iko safi. "Nilisema uje na kinga yako," alimuambia. "Nilitaka kuona kama unaichunga. Nani alikuambia karboni?" Kumbe. Mudogo wangu, kumbe angeweza kwenda siku ile ile Émérance alifungua furushi. Bonaventure alikuwa bado kwao. Wangeenda wawili.

Siandiki hii kukuchoma. Naandika juu sina muntu mwingine wa kumuandikia.

Komanda alishuka juzi, mukono kwenye kitambaa. Hakumukuta mutoto. Akavunja vyombo, akachukua magurudumu yako, akasema mwenye kujaza muchanga iko bado hapa na atamurudilia. André amekimbilia kwa shemeji yake, kule muji wa Baraka. Minye niko. Nyumba iko, mupunga iko karibu kuvunwa, na hakuna muntu ameniambia kitu ingine.

Domitille


Liège, 28 Septemba 2002

Yaya Domitille,

Nimesoma mwisho wa barua yako tena na tena. "Hakuna mtu ameniambia kitu kingine." Ni kweli. Tangu Machi tunaandikiana juu ya kumtoa mtoto, na sikuwahi kuuliza ni nani atakutoa wewe. Nilikuwa nakuona kama mlango wa nyumba, kitu ambacho watu wanapita wakienda zao. Niliandika mambo ya mtu anayelala salama penye joto, wakati wewe unawafungulia wale watu. Bonaventure sitamsahau. Najua hilo halimsaidii mama yake.

Kadre ile nyingine sikuinunua.

Kama neno la nyumba liko kwangu kweli, basi nalitumia, na hii ni mara ya mwisho, baada ya hapa sitaki kulibeba tena. Acha mpunga. Acha nyumba. Ondoka, Yaya. Nakuomba na nakuamuru, chagua lipi litakukasirisha kidogo.

Sévère


Bujumbura, tarehe 20 Oktoba 2002

Sévère, mudogo wangu,

Salamu leo naziweka mbele. Nakusalimia sana. Dieudonné anakusalimia, amekonda, anakula sawa watu wawili na hanenepi, Ndayiragije anamukimbiza kila asubui mpaka anarudi hawezi kupanda ngazi. Bujumbura nako mizinga inalia usiku, usifikiri tumefika mbinguni. Nimepata mahali pa kulala kwa Émérance. Anakoroma. Choo kiko mbali na mwenye nyumba ana kiburi. Mama ya Bonaventure nilimuomba tuvuke pamoja, akakataa, anasema mutoto akirudi atakuta mulango umefungwa. Nilimuachia mupunga wote.

Barua yako Émérance alinipatia hapa hapa, chumbani, nikiwa nakunja nguo. Hakulazimika kuvuka nayo. Nimeisoma vizuri. Ni barua nzuri, pengine ndiyo ya kwanza umeniandikia minye. Lakini angalia tarehe yake. Weye umeandika ishirini na nane Septemba. Minye nilivuka tarehe ishirini ya mwezi ule ule.

Sikungoja neno lako. Nilikaa siku ile jikoni, vipande vya vyombo bado viko chini, nikajisikia nasema kwa sauti: Domitille, enda. Nikashangaa, juu neno lilinitoka na sauti yangu mwenyewe. Nikavaa viatu.

Yaya yako,
Domitille